Jina la Baba Doreen Daftarini

Alexandria, Virginia
Machi 2009

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa chumbani kabla ya kuiandika, maana ni wiki ya pili sasa sijamwamkia mtu mzima yeyote kwa Kiswahili na nilihofia ulimi utasahau. Macho yanaendeleaje? Yustina aliniambia daktari wa Songea anasema ukungu wa jicho la kulia unaweza kutolewa, ila wewe umekataa kwa kuwa jirani mmoja alitoka huko na kitambaa usoni. Mama, acha woga. Wazee ninaowahudumia huku hutolewa ukungu asubuhi, na kesho yake wanasoma gazeti na kulalamikia supu. Magoti je? Na kahawa, mmeshapalilia au mvua bado imewabana ndani?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini kwenye nyumba ya wazee, narudi. Theluji imeyeyuka, imebaki michirizi myeusi kando ya barabara. Nina chumba changu, napanga pamoja na dada mmoja wa Kihabeshi anayefanya kazi hotelini usiku. Anapoingia mimi natoka, kwa hiyo tunafahamiana zaidi kwa viatu vilivyo mlangoni kuliko kwa sura. Ni mtu mwema, nadhani.

Yustina, najua ni wewe unayesoma. Watoto watoke nje wakacheze, na usiruke mstari kwa kuona aibu. Nitajua tu, nakufahamu.

Mama, uliponipigia mwezi wa kwanza ukaniambia niyaache, nilikujibu, "Sawa, Mama." Sikuyaacha. Ndiyo maana nakuandikia, ulisikie kwangu kabla hujaletewa na watu, kama hawajakuletea tayari. Wiki iliyopita Baba Doreen alikiri kosa mbele ya jaji, na jina lake limeingia kwenye daftari la serikali la watu waliofanya makosa ya kujamiiana. Litakaa humo maisha yake yote. Kulikuwa na njia ya kosa lake kupunguzwa asiandikwe, nami nilipoulizwa nilikataa.

Sitaki umwone kama jitu. Wewe unamjua kwa jina tu, yule aliyenipokea uwanja wa ndege miaka mitatu iliyopita na koti la binti yake mkononi kwa sababu alijua nitashuka na kanga na sandali. Alinipa chumba cha chini ya nyumba yake kule Woodbridge. Mkewe alinifundisha kupanda basi na kusoma bei. Na kwa Watanzania wa huku yeye ndiye mwenyekiti wa misiba. Mtu akifa, kabla mfiwa hajafuta machozi Baba Doreen ameshafika, ameshika karatasi za ubalozi na simu ya watu wa ndege, na mwili utafika nyumbani uzikwe na wenyewe. Kila mtu hapa ana hofu ya kuzikwa kwenye baridi, na kila mtu anamtegemea yeye. Nilimwita Mjomba, na haikuwa ya mdomoni tu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita. Niling'olewa gego, lile lililokuwa linanitesa, na yeye ndiye aliyenitoa kwa daktari kwa gari lake. Nilikunywa dawa kali niliyoandikiwa, nikajilaza saa nane mchana. Nilipoamka alikuwa amekaa kitandani kwangu, na mikono yake ilikuwa mahali ambapo hata wewe hujanigusa tangu nilipojua kuoga mwenyewe. Mdomo ulikuwa bado na ganzi na mwili mzito, sikuweza kupiga kelele. Aliponiona nimefumbua macho aliinuka, akalivuta blanketi akanifunika vizuri, akapanda ngazi. Jioni akaniandikia kwenye simu: nisamehe mwanangu, shetani alinipitia, ulikuwa umelala, sikuwa na akili zangu. Zaidi ya hapo sitaandika, kwa kuwa anayekusomea ni mdogo wangu.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Kuna mama wa Kikongo, Mama Furaha, mtu wa Uvira, tunawaogesha wazee pamoja. Aliona sili, akaona pia naifunga na kuifungua ileile kola ya sare. Nilimweleza kwenye chumba cha mashuka. Hakulia wala hakushangaa. Alivua glavu akasema, "Miye sina maneno mingi, dada. Tukimaliza kazi, niko naenda na weye kwa polisi, halafu unalala kwangu." Na ndivyo ilivyokuwa. Nililala kwenye kochi lake mwezi mzima na watoto wake wakinikanyaga asubuhi wakitafuta daftari zao.

Kesi ilipofunguliwa, Watanzania wenzangu wakaitisha kikao. Sikushangaa, hata sisi kwetu mambo huanzia hapo. Ilikuwa Jumamosi mchana nyumbani kwa katibu wa jumuiya. Pilau lilikuwepo, soda zilikuwepo, wazee saba wamekaa kwenye makochi na mimi nimewekewa kiti cha plastiki. Baba Doreen alikuwa kwenye kona, ameinama. Kwa karibu saa nzima, Mama, hakuna mtu aliyetaja jambo lililotuleta. Walisema "lile lililotokea", walisema "mtihani ule", mzee mmoja alisema "hali ya hewa kuchafuka". Kisha Mama Doreen akapiga magoti mbele yangu, mwanamke wa umri wako, akanishika miguu. Hapo nilivunjika. Wakaniuliza kama nimemsamehe mumewe. Nikasema nimemsamehe. Wala sikudanganya, nilisamehe palepale, kwa sababu ya magoti yale na kwa sababu nilikuwa nimechoka kumchukia mtu aliyenipa koti.

Katibu akaandika muhtasari. Aliusoma kwa sauti nzuri ya kanisani: kwamba kutoelewana kulikotokea kati ya mpangaji na mwenye nyumba kumemalizwa kifamilia, na pande zote mbili zimesameheana. Niliuliza kwa nini pande zote mbili, mimi nilikuwa na kosa gani. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Ansila, tunaandika kwa lugha ya heshima. Tunakusitiri wewe pia." Nikatia sahihi. Nani kwetu angekataa? Muhtasari wa kikao ni wa kuweka kabatini. Huandikwa ili watu wapate kula pilau na kurudi makwao.

Huku hauwekwi kabatini. Baada ya wiki mbili mwendesha mashtaka, msichana mdogo kuliko Yustina mwenye kikohozi kisichoisha, aliniita ofisini kwake. Mezani kulikuwa na muhtasari wetu umetafsiriwa kwa Kiingereza na kupigwa mihuri. Wakili wa Baba Doreen ameuleta kuonyesha kwamba mlalamikaji mwenyewe, yaani mimi, nasema ilikuwa kutoelewana tu. Akaniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Akakohoa, akavuta karatasi, akanichorea masanduku matatu ili nielewe sheria yao inavyopanga mambo haya.

Sanduku la kwanza ni shambulio la aibu lililo kubwa, yaani kumgusa mtu kwa tamaa wakati hajiwezi: amezimia, au amelala, au akili yake haipo. Anayetiwa hatiani kwa hilo huandikwa daftarini mpaka anakufa. Picha yake, nyumba anayoishi na mahali anapofanya kazi vinawekwa kwenye intaneti, mtu yeyote aone, na kila baada ya siku tisini lazima ajiandikishe upya. Sanduku la pili ni shambulio la aibu dogo, la kugusa tu bila ruhusa. Akipatikana nalo mara ya kwanza haandikwi. La tatu ni shambulio la kawaida, kama watu waliosukumana kwenye foleni ya bomba, nalo halina daftari kabisa. Wakili alikuwa anaomba la tatu. Yule msichana alisema uamuzi si wangu peke yangu, ila hatakwenda mbele bila kujua ninachotaka. Na akasema jambo moja tu ndilo linalotenganisha sanduku la kwanza na mengine, kwamba nilikuwa nimelala.

Nilitoka pale nimeshaamua kukubali la tatu, Mama. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa namwona Doreen chuoni, wenzake wanafungua kompyuta na sura ya baba yake inatokea. Niliona pia kwamba maisha yote ni muda mrefu kwa mikono ya dakika chache. Hata leo sina hakika kama sheria yao imepima sawasawa. Humo daftarini yumo pamoja na watu waliofanya mambo ambayo hata kuyafikiria sitaki, na anayesoma haraka hatatofautisha.

Kisha ukapiga simu. Mama Doreen alikuwa ameshakupata kupitia kwa mama yake mdogo wa Mbinga mjini, akalia, na wewe ukanipigia ukilia vilevile. Ukaniambia, "Mwanangu, msitiri mwenzio, yaache." Nikasema sawa. Siku tatu nilizunguka na ile sawa niliyokupa. Ilikuwa nyepesi kidogo kuliko nilivyodhani, kwa kuwa angalau ni wewe uliyeiomba.

Siku ya nne ilikuwa zamu yangu kwa bibi mmoja ambaye kiharusi kimemwondolea maneno. Kazi yetu ina kanuni, na tulifundishwa siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa sabuni. Unabisha mlango. Unasema jina lako. Unasema unataka kufanya nini. Unangoja akuonyeshe kwamba amesikia, na asiyeweza kusema utaangalia macho. Na aliyelala haguswi. Hata awe amejichafua, hata uwe umechelewa, unamwamsha kwanza. Msimamizi akikukuta unamgeuza mzee aliye usingizini, kazi huna. Asubuhi ile nilimkuta bibi amelala. Nikamwita jina lake mara tatu, nikasimama na beseni mkononi maji yanapoa, nikingoja afumbue macho. Akafumbua, akaniona, akapepesa. Ndipo nikaweka beseni chini na nikaanza kulia, bibi wa watu ananitazama.

Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka mitatu. Kwa wageni, Mama, kwa watu ambao watoto wao hawalijui hata jina langu. Nangoja waamke. Nilijiuliza ni kwa nini mimi nistahili kidogo kuliko hapo. Nilimpigia msichana wa mashtaka wakati wa mapumziko nikamwambia kwamba msamaha wangu upo, lakini kosa lisihamishwe sanduku.

Baba Doreen alipoambiwa, na ule ujumbe wake wa simu ukiwa umeshatafsiriwa, alikubali bila kesi kusikilizwa. Siku ya mahakama walinipa mkalimani, kijana wa Nairobi mwenye tai fupi, anayekimbia na maneno kama muuza mnada. Mbele waliketi watu wa jumuiya, safu mbili zimejaa, wote upande wake. Upande wangu alikuwepo Mama Furaha na mkoba wake. Jaji, mwanamume mwenye mvi, aliushika ule muhtasari wa kikao akauliza kama ni kweli nimemsamehe mshtakiwa.

Nikasema, "Nimemsamehe, na siuvunji msamaha wangu. Sitaki afungwe miaka mingi. Lakini haikuwa kutoelewana. Nilikuwa nimelala. Naomba iandikwe hivyo, kwamba nilikuwa nimelala."

Mkalimani alipofika kwenye neno hilo alipunguza mwendo. Jaji akaandika kitu. Baba Doreen aliinua kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, na sikuona hasira, niliona mtu mzee. Alipewa kifungo cha miaka kadhaa, miezi sita akae jela na iliyobaki ikaahirishwa, pamoja na daftari lile.

Jumamosi nilikwenda maktaba nikalitafuta jina lake. Lipo. Picha amevaa fulana ya kijivu, macho mekundu, na chini yake imeandikwa nyumba ileile ya Woodbridge, ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuiandika nyuma ya bahasha zako. Nilidhani nitafurahi, au basi nitapumua. Nilikaa pale mpaka muda wa kompyuta ukaisha, ikazima yenyewe, nikachukua basi.

Sasa nikuambie upweke, maana hujanisikia nikinung'unika tangu nifike huku na leo nitanung'unika. Jumapili siendi kwenye misa ya Kiswahili. Hawakunikataza. Nilikwenda mara moja, na kwenye kupeana amani mikono yote ikawa imeshapeanwa. Nakwenda kanisa la hapa karibu, wanaimba vizuri, wanatabasamu, na tangu nianze hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Ugali najipikia, nao ugali hauna kipimo cha mtu mmoja. Naula siku mbili mpaka unakuwa kama kuni. Simu yangu ilikuwa hailali, leo chapati za harusi, kesho mchango, keshokutwa nani amejifungua. Imenyamaza. Mwezi uliopita alifariki yule kaka wa Tabora aliyekuwa dereva wa teksi, aliyenifundisha kuendesha kwenye maegesho ya duka. Walikaa matanga siku tano. Sikuambiwa. Nilikuja kusikia kwa Mama Furaha, naye alisikia kwa muuza mihogo. Kunichukia sawa, Mama, lakini kuninyima msiba nimeona wamenifuta. Nilipika chai ya tangawizi nikakaa nayo peke yangu, huo ukawa msiba wangu.

Na wanasema itakuwaje sasa, nani atasafirisha maiti zetu. Hilo silijui. Labda wajifunze, karatasi si za uchawi.

Mmoja tu kati yao alinitafuta, nawe hutaamini ni nani. Doreen. Alinipigia juzi nikiwa kituo cha basi. Mtoto yule Kiswahili anakisikia, akijibu anajibu Kiingereza, na safari hii hakusalimia hata kwa hicho. Aliniuliza baba yake alinifanya nini. Nilisita, ni baba yake. Akarudia kuuliza. Basi nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha kuogeshea wazee, yote, kuanzia jino. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia anavuta kamasi, akasema asante, akakata. Nilikosa mabasi mawili.

Nisalimie Kaka Batholomeo, mwambie mkata miti wetu kwamba nimesikia ameoa mke anayejua kusoma mizani, tumshukuru Mungu kwa ajili ya kahawa. Nisalimie Shangazi wa Kigonsera, simlaumu kwa lolote, hata kama ndiye aliyetoa namba yako ya simu. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya pili bado ninayo, naiimbia bafuni. Watoto wa Yustina nawabusu mmoja mmoja, sasa waruhusiwe kurudi ndani.

Mama, jaji aliniuliza. Polisi waliniuliza, na yule msichana mwenye kikohozi, na Mama Furaha kwa macho yake, na sasa Doreen, mtoto wa mwenyewe, ameniuliza. Wewe ulinipigia ukalia kwa ajili ya Mama Doreen, ukanieleza magoti yake na watoto wake, ukanihusia, ukaniombea, simu ikakatika. Alinifanya nini hukuniuliza. Sikuandiki kwa ubaya. Najua ulivyolelewa, nami ni wewe uliyenilea. Lakini nimeshawaeleza wageni wengi, na mtu niliyetaka kumweleza tangu ile Jumanne ni wewe.

Jumapili sina kazi. Yustina akupigie namba, halafu akuachie simu atoke nje. Ukisikia nimepokea, usianze na salamu. Niulize.

Mwanao,
Ansila